Mmumunyo, Si Kiowevu cha Kusafishia Figo

Safari hii kamati ya istilahi imetuletea "kiowevu cha kusafishia figo". Nilipolikuta fungu hilo katika rasimu ya faharasa ya tiba nilidhani mchapaji amekosea. Hakukosea. Figo haisafishwi, jamani, labda na mpishi wa supu. Figo zimegoma, ndiyo maana mgonjwa yuko kwenye dayalisisi. Kinachosafishwa ni damu.

Na hicho "kiowevu"? Mafuta ya taa ni kiowevu. Zebaki ni kiowevu. Neno halidokezi hata kidogo kwamba ndani kuna kitu kilichoyeyuka, na hicho ndicho kinachofanya kazi.

Mimi nashikilia mmumunyo. Mkemia wa Uskoti, Thomas Graham, alipoibatiza dayalisisi mwaka 1861, alichota Kigirikini: dia, kupitia, lusis, kulegeza au kufungua kilichoshikamana. Jirani wa lusis tunaye siku zote. Kumumunya ni kukilainisha kitu kinywani bila kukitafuna, kama bibi kibogoyo na kipande chake cha sukari guru, mpaka kilegee, kiachane, kiishe. Walimu wa kemia wanasema mmumunyo wa chumvi na darasa halijagoma. Ila mjumbe mmoja wa kamati, ambaye istilahi zake nimezivumilia kwa miaka, aliniandikia kwamba neno hili "linanuka pipi". Na linuke! Sukari si imo humo?

Imo hasa katika dayalisisi ya tumbo. Mmumunyo wa sukari huja kwa ukali wa asilimia 1.36, 2.27 na 3.86. Ukiwa mkali zaidi huvuta maji mengi zaidi kutoka mwilini, ila mwili nao huinyonya ile sukari, na baada ya saa chache mvuto umekwisha. Mmumunyo wa wanga, yaani ikodekstrini ya asilimia 7.5, una molekuli kubwa zinazonyonywa polepole, hivyo hulala tumboni usiku kucha ukiendelea kuvuta. Upo pia wa asidi za amino, usio na sukari kabisa. Ule wa dayalisisi ya mashine ni habari nyingine: mashine huuchanganya papo hapo, kwa maji yaliyosafishwa sana, chumvi na bikaboneti. Sasa hebu tamka kwa lugha ya kamati: "kiowevu cha kusafishia figo cha wanga". Pumua kwanza.

Wodini inatosha kusema "wa sukari" au "wa wanga". Na mwenye kisukari anayetumia wa wanga asipimwe kwa kipimo chochote tu, maana baadhi husoma sukari juu kuliko ilivyo, akachomwa insulini asiyoihitaji.

Wingi ni mimumunyo. Wanaodai hautamkiki ndio hao hao wanaotamka "ikodekstrini" bila kumeza mate.