Mhandisi Aliyestaafu Kazi, Asistaafu Kusoma

Katika toleo hili la maadhimisho ya hekalu letu, tumeona vema kumkumbuka mtu ambaye wazee wetu walimtaja kila walipotuhimiza kusoma: Mhandisi Mokshagundam Visvesvaraya, ambaye India humwenzi kila tarehe 15 Septemba, Siku ya Wahandisi.

Alizaliwa kijijini Muddenahalli, katika dola ya Mysore, akafiwa na baba yake angali mdogo. Alipokuwa akisoma Bangalore alijikimu kwa kufundisha watoto wa watu. Mwaka 1883 alihitimu uhandisi huko Poona akiwa wa kwanza, na mwaka uliofuata akaingia katika utumishi wa Serikali ya Bombay, iliyotawala pia sehemu za Gujarat walikotoka babu zetu. Mwaka 1903, katika bwawa la Khadakwasla, iliwekwa milango aliyoibuni mwenyewe, iliyofunguka bila kuguswa na mkono maji yalipozidi kimo. Mwaka 1906 alitumwa Aden, bandari kavu isiyo na mto, kuchunguza maji safi na majitaka ya mji ule.

Mwaka 1908 alistaafu kwa hiari. Hakurudi kijijini kupumzika. Alisafiri Ulaya na Marekani kutazama viwanda na mitambo. Kisha akashughulikia kinga ya mji wa Hyderabad baada ya mafuriko makubwa, akawa mhandisi mkuu wa Mysore, na tangu 1912 hadi 1918 waziri mkuu wa dola hiyo. Katika miaka hiyo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Mysore, 1916, na chuo cha uhandisi cha Bangalore, 1917. Kumbukumbu za kazi zake alizichapisha mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa amekwisha kutimiza miaka mia moja.

Tunapoyasimulia haya, twajiona wenye deni. Wengi wetu tuliishia sekondari, tukaingia dukani, tukadhani masomo yamekwisha. Lakini majirani zetu hawakudhani hivyo. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa watu wazima wapatao wawili kati ya kila watatu nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mkoa wetu wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Ziwa iliyojaribia kisomo chenye manufaa tangu 1968 hadi 1972. Tungali watoto wakati ule. Huko Itiryo tuliwaona akina mama waliotoka shambani, na wazee wenye mvi, wakiketi jioni na daftari magotini. Baadhi yetu tulicheka. Leo hatucheki: wao walijifunza uzeeni, nasi tuliacha ujanani.

Miongoni mwetu wapo mafundi, wahasibu na wakandarasi waliokwisha kuwakabidhi wana wao funguo za duka. Tunawasihi, ndugu zetu: jioni moja kwa juma, ukumbi wa hekalu ufunguliwe kwa vijana wa Tarime wa kila dini, wafundishwe hesabu, umeme na ufundi, nasi tuketi nao, tukijifunza tusichokijua. Elimu ni bahari. Tusimwabudu Saraswati kwa maua peke yake, ilhali daftari zetu tumezifunga.