Kigoda cha Milansi na saa ya kompyuta

Tahadhari ya kivinjari kwamba cheti cha usalama cha tovuti hakiaminiki imekuwa ya kawaida kiasi kwamba wengi wetu tumezoea kuipita bila kuisoma. Naliona hilo kwa wanafunzi wangu. Naliona zaidi kwa walimu na watumishi wa umma wa Sumbawanga, ambao kompyuta zao za nyumbani mara nyingi zimekwisha kutumika kwingine kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda Ufipa. Ndani ya tahadhari hiyo mna swali kongwe kuliko kompyuta: nani ana mamlaka ya kuthibitisha kwamba fulani ndiye fulani?

Wafipa walilijadili swali hilo katika masimulizi yao ya asili, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyaandika kwa kirefu. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, nao wakakikalia kigoda cha enzi. Aliporudi alikubali kuwaachia utawala, yeye akabaki na Milansi yake. Kutoka kwa wageni hao ukatoka ukoo wa Watwa uliotawala Nkansi na Lyangalile, lakini heshima ya Milansi, kama chimbuko, haikufutika. Aliyeshika mkuki na aliye chimbuko la uhalali hawakuwa mtu mmoja.

Wavuti nao una Milansi zake. Kampuni ya Netscape ilipobuni mawasiliano yaliyosimbwa katikati ya miaka ya 1990, ilibidi pawepo wadhamini wa kuthibitisha tovuti. Vyeti vya wadhamini hao, viitwavyo vyeti vya mzizi, vimo ndani ya kompyuta yako tangu siku ya kwanza. Mmoja wa wadhamini wa mwanzo alikuwa Mwafrika: Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Thawte mwaka 1995, na mwaka 1999 akaiuza kwa VeriSign ya Marekani kwa takriban dola milioni 575. Leo orodha ya mizizi inayotuamulia nani aaminiwe hutunzwa na Microsoft, Apple, Google na Mozilla. Sikumbuki bunge lolote la Afrika Mashariki likilijadili jambo hilo.

Mdhamini naye huweza kuibiwa muhuri. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, wakajitolea vyeti bandia zaidi ya 500, kimojawapo kwa jina la Google. Kilitumika kupeleleza barua pepe za watu nchini Iran. Kilichofichua hila hiyo ni tahadhari ya kivinjari, ambayo mtumiaji mmoja wa Iran aliiona na hakuipuuza. DigiNotar ilifilisika Septemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka raia wasakinishe cheti chake cha mzizi, hatua ambayo ingeiwezesha kusoma mawasiliano yao. Mwezi Agosti vivinjari vikubwa vilikikataa. Wanaharakati wasomao hapa wazingatie: anayekuomba usakinishe cheti cha mzizi anaomba kukalia kigoda.

Hata hivyo, kwa kompyuta ya nyumbani, chanzo cha kawaida zaidi ni duni mno: saa. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani kuna betri ndogo kama sarafu, CR2032, inayoiendesha saa mashine inapokosa umeme. Ikifa, kila umeme ukatikapo tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na vyeti vyote vya dunia huonekana havijaanza kutumika. Sumbawanga, ambayo kwa miaka mingi ilipata umeme wake kutoka Zambia kupitia Mbala badala ya gridi ya Taifa, inaujua mgao vizuri. Kwa hiyo anza na tarehe, mwaka wenyewe, si saa na dakika tu. Ukiisahihisha na kesho ikarudi nyuma tena, badilisha betri. Hata mafundi wa saa za mkononi huwa nayo.

Tarehe ikiwa sahihi, jaribu tovuti nyingine. Ikigoma moja tu, kosa huenda ni la mwenye tovuti aliyesahau kuhuisha cheti, na kwako hakuna cha kutengeneza. Subiri, wala usiingize nywila. Zikigoma nyingi, jaribu mtandao mwingine, kisha shuku orodha ya mizizi iliyochakaa. Tarehe 30 Septemba 2021 mzizi wa zamani uliotegemewa na Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, uliisha muda, na mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa kwa miaka zikaanza kuzikataa tovuti halali. Windows 7 ilikwisha kuachwa bila masasisho ya kawaida tangu Januari 2020. Firefox hubeba orodha yake yenyewe, hivyo mara nyingi huivusha mashine kongwe kwa muda.

Muda huo unapungua. Septemba 2020 cheti kipya cha tovuti kiliwekewa kikomo cha siku 398, na makubaliano ya mwaka 2025 yanalenga siku 47 ifikapo 2029. Kompyuta iliyochelewa miezi miwili tu itakuwa imekwisha kufungiwa mlango, na ofisi inayogawa mashine kuukuu bila fungu la betri na masasisho itakuwa imemfungia mwalimu wa Laela au Namanyere mlango huohuo.