OTRAG (mradi wa roketi wa Shaba)

OTRAG ilikuwa kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoasisiwa na Lutz Kayser. Ilitangaza kwamba ingerusha satelaiti kwa bei nafuu kutoka kaskazini mwa Shaba, Zaire, jimbo lililojumuisha pia mji wa Kolwezi na migodi yake. Roketi zilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja. Vali ziliendeshwa na mota za waipa za magari. Umoja wa Kisovyeti ulidai roketi hizo ni makombora ya kivita. Mei 1978 waasi waliiteka Kolwezi, katika jimbo hilohilo. Tarehe 5 Juni mwaka huo roketi ya tatu ilianguka mbele ya Rais Mobutu wa Zaire. Mradi ulifungwa 1979. Mkataba wa OTRAG na Zaire ulihusu eneo la takriban kilomita za mraba 100,000, na wakazi wa eneo hilo walistahili kuelezwa ukweli wote.