Mbege na rubisi

Pombe ya ndizi ina aina zaidi ya moja. Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Baada ya kuchujwa, maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la mti wa msesewe huleta ule uchungu unaoitambulisha pombe hii, mbege.

Wahaya wa Kagera nao huanza na ndizi zilizoiva, ila hawazichemshi. Huzikanyaga kwa miguu pamoja na majani, wakakamua maji matamu, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, na kuyaacha yachachuke katika chombo cha gogo kilichochongwa kama mtumbwi. Hiyo ni rubisi.

Basi nafaka, moto na uchungu ndivyo vilivyotenganisha pombe hizi mbili.

Mbege ilikuwa na kazi kubwa kuliko kukata kiu. Ulezi wake ulimwagiliwa kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na wachimbaji wa ukoo. Mangi, yaani mtawala wa Wachaga, alipelekewa pombe, posa na matambiko yalihitaji pombe, na aliyemkosea mwenzake aliileta alipoomba suluhu. Hadi leo, kata ya mbege hupitishwa kwa wazee arusini.