Hubert Sauper: mtengeneza filamu aliyezusha zogo la mapanki

Wadau wa Kigoma na Ujiji, zogo la mapanki la mwaka 2006 mnalikumbuka? Wengi wanaikumbuka filamu, ila jamaa aliyeitengeneza hawamjui. Huyu hapa kwa kifupi.

Hubert Sauper alizaliwa mwaka 1966 Kitzbühel, Austria. Alisomea filamu Vienna na Paris, kisha akaweka maskani Ufaransa. Kwa hiyo wanaomwita Mfaransa hawajakosea sana, ila kwa asili ni wa Austria. Kazi yake ni filamu za maisha halisi, sio za waigizaji.

Jina lake lilianza kusikika kwa "Kisangani Diary" (1998), kuhusu wakimbizi wa Kinyarwanda waliokutwa kwenye misitu ya Kongo mwaka 1997, wakifa kwa njaa na magonjwa kandokando ya reli. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyovusha maelfu ya Wakongo ziwani kuja kwetu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka 1996.

Katika pitapita hizo, anasema Sauper, aliona ndege mbili kubwa. Moja ilileta tani 45 za njegere za njano kutoka Marekani kwa ajili ya wakimbizi. Nyingine ilikuwa inaruka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki. Chakula kinaingia, chakula kinatoka! Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la "Darwin's Nightmare" (2004), yaani Jinamizi la Darwin.

Filamu hiyo ilipigwa Mwanza. Inaonyesha sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 akamaliza samaki wengi wa asili. Minofu inapanda ndege za Kirusi, vichwa na mifupa (ndio mapanki yenyewe) vinabaki kwa wenyeji. Wamo pia watoto wa mitaani, akina dada wanaojiuza kwa marubani, na mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu. Rubani mmoja anasimulia alivyopeleka silaha Angola akarudi na zabibu za Afrika Kusini.

Ulaya wakaishangilia. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César ya Ufaransa kwa filamu bora ya kwanza, na ikateuliwa kugombea Oscar.

Huku nyumbani moto ukawaka. Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani mwaka huo huo kwamba inaichafua nchi. Hoja ya upande huo ilikuwa nzito: viwanda vimeajiri watu, sangara analipa karo za watoto, na hakuna bunduki hata moja inayoonekana ikishushwa Mwanza. Ulaya wengine walitaka sangara asusiwe, na hapo mvuvi ndiye angeumia kwanza.

Ufaransa nako, mwanahistoria François Garçon alimshutumu Sauper, pamoja na mengine, kuwa aliwalipa watoto waigize. Sauper akaenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi katika kesi hiyo ya kashfa.

Baada ya hapo alitengeneza "We Come as Friends" (2014) kuhusu Sudan Kusini, akizunguka na kindege kidogo alichokiunda mwenyewe. Kisha "Epicentro" (2020) ya Kuba, iliyoshinda tuzo kuu ya filamu za maisha halisi za kimataifa kule Sundance.

Sasa sisi wa Tanganyika yanatuhusu nini? Kwanza, mgebuka wetu ni ukoo mmoja na sangara, tofauti ni kwamba yeye ni mwenyeji wa ziwa hili, hakuletwa na mtu. Pili, ziwa letu nalo limechoka. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mwenye mtumbwi anajua maana ya miezi mitatu bila dagaa.

Stori hiyo ni kubwa kama ya Mwanza. Sauper alikosolewa kwamba alionyesha shida akaficha nafuu, lakini waliokasirika nao hawakuwasha kamera yao. Vijana wa Kibirizi na Katonga wenye simu mkononi, mnasubiri mzungu gani?

Habari ndiyo hiyo.