Wilaya, Jimbo na Maneno Mengine ya Mipaka: Mfano wa Tabora

Mkazi wa Cheyo, mjini Tabora, huishi kwa wakati mmoja katika mtaa, kata, wilaya na mkoa. Na akiwa Mkristo wa Kilutheri huongezewa usharika, jimbo na dayosisi. Maneno haya tumeyazoea mno hata hatuyaulizi yalikotoka. Kata halina fumbo: ni kipande kilichokatwa. Lakini neno wilaya, ambalo serikali ya Kiingereza ililifanya kuwa tafsiri ya "district", lastahili kuchunguzwa, kwa maana maneno hayo mawili, ingawa leo hutajwa kama kitu kimoja, hayakuzaliwa katika nyumba moja.

"District" latokana na Kilatini cha Zama za Kati, districtus, kutoka kitenzi distringere, yaani kuvuta kwa nguvu, kubana, kushurutisha. Hapo kwanza neno hilo lilitaja uwezo wa bwana wa nchi wa kuwalazimisha watu waje barazani kwake na kukamata mali ya mdaiwa. Baadaye likahamia kwenye eneo ambalo mkono wake ulifika. Kwa asili, basi, ni mahali unapoweza kukamatwa.

Wilaya ni neno la Kiarabu. Mzizi wake una maana ya kuwa karibu na kusimamia, nao ndio uliotupa walii, mlezi amwozaye binti, na pia liwali, ambalo si jingine ila al-wali, mtawala aliyewekwa na mkubwa wake. Kwanza wilaya ilikuwa madaraka ya mtu huyo. Eneo lilifuata nyuma. Hata leo katika Oman wilaya husimamiwa na wali.

Sisemi kwamba utawala wa Kiarabu ulikuwa wa upole kwa sababu neno lake ni la upole. Tabora yatosha kutukanya. Burton na Speke walipofika Kazeh, mwaka 1857, waliukuta mji wa wafanyabiashara, wapagazi na watumwa katika nchi ya Unyanyembe. Kiongozi wa msafara wao, Said bin Salim, ndiye aliyekuwa baadaye liwali wa Sultani wa Unguja mjini humo, na Stanley alimkuta katika kazi hiyo mwaka 1871. Lakini liwali huyo hakuitawala ardhi. Ardhi ilikuwa ya mtemi, cheo ambacho wengi hukihusisha na kutema, ama kutema pori ama kukata mashauri. Liwali alikuwa na amri juu ya Waarabu na watu wa pwani waliokaa ugenini, na amri yenyewe ilipwaya. Wilaya yake ilikuwa watu. Hakuna aliyeweza kuichora kwenye ramani.

Wajerumani ndio waliobadili mambo. Mtemi Isike alipojilipua ndani ya ngome yake, Januari 1893, asiingie mikononi mwao, Unyanyembe ikawa sehemu ya Bezirk ya Tabora. Neno hilo lina duara ndani yake, nalo latoka katika Kilatini circus. Ndani ya duara hilo kodi ya nyumba ilidaiwa kuanzia mwaka 1898. Vyeo vya liwali, akida na jumbe viliachwa, ila bwana wao alikuwa mwingine. Wabelgiji waliutwaa mji Septemba 1916, kisha Waingereza wakaja na "district" yao, na kwa sheria ya mwaka 1926 mtemi mwenyewe akafanywa chombo cha serikali. Ajabu ni kwamba wananchi hawakulichukua neno la wageni. Walisema boma, na mkuu wake wakamwita Bwana Shauri.

Jimbo lina safari yake. Wakati wa Waingereza Tabora ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Baada ya uhuru majimbo yakagawanywa kuwa mikoa, na neno likabaki kwa wabunge na kwa Kanisa. Kwa jirani zetu wa Kenya, majimbo yalikuwa jina la katiba ya mwaka 1963 na la ugomvi wake.

Kanisa nalo liliazima kwa watawala. Dayosisi ni dioikesis ya Kigiriki, usimamizi wa nyumba, ambayo Dola ya Kirumi ilikuwa imekwisha kuifanya mgawanyo wa nchi kabla ya maaskofu kuirithi. Kwamba mipaka ya namna hii si karatasi tu, tuliona huko Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, Walutheri walipogombana vikali juu ya kuwa na dayosisi yao wenyewe. Neno moja tu katika orodha hii halikuanzia kwa mwenye amri, nalo ni parokia, ambalo ndugu zetu Wakatoliki wamelihifadhi. Paroikia ni kukaa ugenini, bila haki za mwenyeji; ndivyo Petro anavyowaita wasomaji wake katika waraka wa kwanza. Watu wa liwali wa Tabora mwaka 1871, wakazi wasio wenyeji katika nchi ya mtemi, wangelielewa neno hilo pasipo mwalimu wa Kigiriki. Na mtumwa aliyeletwa kutoka Manyema angelielewa kuliko liwali.