Ikama, Zamu na Uchovu wa Watumishi wa Afya Mkoani Katavi

Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Katavi ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa, ilihesabu humo watu 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta watu 1,152,958. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 nao ulionesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichoipita mikoa mingine yote. Mzigo wa ongezeko hilo la watu na wa uzazi huo huwaangukia wauguzi na wakunga. Makala haya yanajenga hoja kwamba uchovu sugu wa watumishi hao huzaliwa na mpangilio wa kazi, na ndiyo maana kuwahimiza wavumilie hakuutibu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huo kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa ipasavyo. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na ufanisi kushuka.

Tazama zahanati ya kijijini yenye mkunga mmoja. Usiku anazalisha, huku mtoto mwenye degedege akiletwa mlangoni. Kunapokucha, kina mama wa kliniki wamekwisha kupanga foleni, na ni yeye huyo huyo anayepima uzito na kuchanja. Wakiondoka, vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, vinamsubiri. Akianza kuwajibu wagonjwa kwa ukali, ataitwa mtovu wa maadili, na orodha ya zamu haitahojiwa na mtu.

Wapo wanaosema uuguzi ni wito. Katavi yenyewe ina mfano wake: Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akasomea tiba Malta, alihudumia wagonjwa Karema tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1956. Anastahili heshima. Hata hivyo, mfumo wa afya hauwezi kujengwa juu ya matarajio kwamba kila mtumishi atakuwa Atiman. Wito humleta mtu kazini. Hauzibi pengo la usingizi.

Hatua tatu zinahitajika. Kwanza, ikama ipimwe kwa wingi wa kazi, hasa idadi ya wanaojifungua, badala ya ngazi ya kituo pekee. Zahanati mbili za ngazi moja zaweza kutofautiana mno kwa mzigo. Pili, mapumziko yalindwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Aliyekesha wodini asipangiwe kliniki asubuhi. Tatu, vikao vya kupitia vifo vya uzazi visigeuzwe mahakama. Mkunga aliyempoteza mzazi mikononi mwake anahitaji kusikilizwa kwanza, kisha kujifunza pamoja na wenzake.

Itasemwa kuwa fedha za ajira ni finyu. Ni kweli kwa hatua ya kwanza, lakini kulinda mapumziko kunaweza kuanza kwa kuazimana watumishi kati ya vituo, na kikao kisicho cha kulaumu hakihitaji bajeti mpya. Manispaa ya Mpanda na halmashauri za Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe zinaweza kuanzia hapo, huku zikidai ikama inayolingana na watu wanaozaliwa kweli.